Mkataba wa Kunyamaza

"Vitambaa vyote vimerudi?"

Muuguzi aliuliza mara mbili, kando ya meza ya upasuaji. Ubaoni palikuwa pameandikwa ishirini. Yeye alikuwa amehesabu kumi na tisa. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine anayemsubiri, na mwingine nyuma ya huyo. Alishika uzi akaanza kushona. Siku kumi na moja baadaye, mama aliyejifungua siku ile alikufa tumbo limejaa usaha, na kitambaa cha ishirini kikapatikana humo.

Kesi ilisota miaka mitatu. Mwishowe hospitali iliona heri ilipe kuliko kuanikwa mahakamani. Fidia ilikuwa nono, lakini ilikuja na sharti: familia isiseme. Isimtaje daktari, isiitaje hospitali, isieleze marehemu alikufaje, popote, kwa yeyote, daima. Sijui nani aliwafundisha watu wa suti kwamba donda likifunikwa ndiyo limepona. Mume wa marehemu, seremala wa chumba kimoja cha kupanga, alisaini. Simlaumu. Anayemlaumu akamlipie kodi.

Bintiye, aliyezaliwa siku ile ya upasuaji, alikuwa mapajani mwake. Walimwita Kasuku, maana tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Alipoona kisahani cha wino mezani alichovya kidole gumba, akakibandika chini ya saini ya babake.

Watu wazima wakacheka. "Haya, na mheshimiwa naye kakubali," wakili wa hospitali akasema, akaikunja karatasi.

Wino ule haukutoka. Mama yake mdogo, mshonaji aliyemlea tangu siku ya mazishi, alimsugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Kidole kilibaki cheusi. Na kilikuwa cha baridi, kama kitu kilichotolewa kwenye barafu.

Walihamia nyumba mpya, vyumba vitatu na karakana uani. Wiki ya kwanza, saa nane mchana, mama mdogo alisimamisha cherehani akanusa.

"Shemeji, umemwaga spiriti?"

"Spiriti ya nini? Hapa kuna vanishi tu."

"Basi vanishi yako imesomea udaktari."

Walicheka. Kesho yake, saa nane ileile, harufu ilirudi, na safari hii ilikuja na sauti: kandambili laini zikiburutwa sakafuni, kisha kitu chenye maji kikidondoshwa kwenye beseni la bati. Tap. Kimya. Tap. Mama mdogo alijikuta anahesabu. Ilipofika kumi na tisa, ikakoma. Alikwenda kutazama. Hapakuwa na beseni.

Siku ya tano Kasuku alikuwa ameketi chini ya picha ya mamake, anapiga soga nayo kama kawaida. "Mama, wewe ulikufa kwa sababu—" Sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa. Mdomo wake uliendelea kwenda. Mama mdogo alimkimbilia, akamwinamisha, akaona uzi mweupe umening'inia kwenye mdomo wa mtoto, akauvuta taratibu, na uzi ukaja na kitambaa, na kitambaa kikaja kimeroa, kirefu kuliko kidole, kirefu kuliko mkono, kinanuka dawa na kitu kingine chini ya dawa, kitu alichokinusa mara moja tu maishani, siku alipomwosha dadake.

Tangu hapo Kasuku hakutoa sauti. Alilia machozi bila kilio. Madaktari walimulika koo wakasema zima. Baba mtu alipojaribu kuwaeleza mama wa mtoto alikufaje, alikohoa nyuzi kiganjani, akaficha mkono mfukoni.

Na weusi wa kidole cha Kasuku ulianza kupanda. Ulivuka kiganja, ukafika kwenye kiwiko.

Mchana mmoja mama mdogo alipita mlangoni pa mtoto saa nane ilipogonga, na akamwona mtu ameketi ukingoni mwa kitanda, mrefu hata magoti yake yalifika kifuani, amevaa joho la kijani la chumba cha upasuaji, barakoa imefunika pua na mdomo, na juu ya barakoa, pale ambapo mimi na wewe tuna macho, palikuwa na wino mtupu unaometameta, na alikuwa amemshika Kasuku kidole gumba, kwa upole, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Mganga waliyemwita nyumbani alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea. Hakuchoma kitu, hakupunga kitu. Aliomba mkataba, akausoma kurasa zote.

"Mliusoma huu?" aliuliza.

"Wakili alitusomea," seremala akasema.

"Wenu au wao?"

"Wao."

"Mnadhani ni marehemu?" Mganga alishusha sauti. "Marehemu hana ugomvi na mwanawe. Hili ni jini la kunyamazisha. Linakula panapozikwa ukweli. Wewe baba ulitia saini kwa kalamu. Mtoto alitia kwa mwili wake."

"Litoke vipi, mama?"

"Sharti livunjwe. Mtu wa damu ya marehemu aseme yote, palepale lilipotendeka, mbele ya watu. Weusi ukifika kooni, msinirudie."

Seremala alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Shemeji, tukisema watachukua kila kitu. Nyumba hii. Tutalala wapi?"

"Kulekule tulikolala kabla ya nyumba hii."

"Imeandikwa familia nzima. Na wewe umo."

"Basi waje wachukue na cherehani yangu," alisema. "Shemeji, nyumba ina paa. Mtoto hana sauti. Chagua."

Seremala akaingia ndani, akarudi na viatu vya Kasuku, akapiga magoti kumvalisha.

Asubuhi yake ukumbi wa wazazi wa hospitali ile ulikuwa umejaa. Wanawake wenye matumbo makubwa walibanana kwenye mabenchi, kadi mkononi, wanapepeana, wanateta kuhusu foleni. Mama mdogo alipanda juu ya benchi, amembeba Kasuku ubavuni, weusi umefika begani. Mlinzi alianza kuja. Mama mdogo alifungua mdomo amtaje dadake, na koo likajaa, akatia vidole akavuta, na kitambaa kikaja, na nyuma yake kingine, na kingine, vikaanguka sakafuni vimeroa huku wanawake wakirudi nyuma wakishika matumbo yao, na yule mrefu wa kijani alikuwa amesimama kando yake, ameinama mpaka barakoa ikagusa nywele za mtoto, anamkaza kidole, anakaza, na Kasuku anatikisa kichwa, mdomo wazi, bila sauti. Mama mdogo hakumtazama yule mrefu. Alivuta mpaka alipoonja damu yake mwenyewe, na pumzi ikapita.

Akalitamka jina la dadake, lote, pamoja na la baba yao.

Wino ulio juu ya barakoa ukamgeukia. Mlinzi alikuwa amemshika sketi.

"Dada zangu," alisema, "naomba mnisikilize."