Aliyeshika Waya Chini ya Lori

“Kama gia ilitoka yenyewe, hitilafu iko wapi?”

Meneja wa kampuni ya malori alituuliza hivyo ofisini kwake. Hata mimi, niliyezoea kuwanyamazisha watu kwenye midahalo ya chuo, niliishia kumwomba muda. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akiendesha lori lile lilipoacha barabara. Alisema gia iliingia huru yenyewe katikati ya mteremko. Wao wakasema alisinzia. Asipoleta ushahidi Jumatatu, wanampeleka polisi afutiwe leseni. Yaani aliyeponea chupuchupu ndiye athibitishe, mwenye lori anazunguka tu kwenye kiti!

Jumamosi mchana tukaenda yadi lilikoegeshwa lori, pamoja na mjomba, fundi umeme wa magari makubwa. Alichomoa betri, akakaa nami ndani ya kichwa cha lori, akaunga mita ya kupima ukinzani wa umeme kwenye nyaya mbili zinazopeleka mawasiliano kwenye kompyuta ya gia.

“Sitini ni nzima,” akaniambia. “Ikiruka mia na ishirini, waya umeachia. Wewe soma namba, hotuba peleka chuoni.”

Kaka akaingia chini kutikisa nyaya, kipande kwa kipande. Sitini. Sitini. Sitini tena.

“Tikisa, bwana! Unabembeleza mtoto?” mjomba akafoka.

Sitini. Jua lilituchoma, nikatamani kuitupa mita dirishani. Kitu kinachoweza kuua mtu mteremkoni, hapa kimetulia kama hakijui lolote!

Ghafla, mia na ishirini.

“Hapo hapo!” mjomba akapaza sauti. “Shika, usiachie!”

“Nimeshika, mjomba,” ikanong’ona sauti kutoka chini.

Nikapiga makofi. Meneja tumempata.

Ndipo kaka akatokea getini, tochi mkononi.

“Nilienda kuazima tochi kwa mlinzi,” akasema. “Mnaongea na nani?”

Mjomba aliniangalia. Namba haikucheza.

“Achia,” akasema, taratibu sana.

Sitini.

Tuliteremka, tukachungulia. Chini hapakuwa na mtu.

Mjomba alipasua mpira uliofunika nyaya zile. Kabla ya kisu chake mpira ulikuwa mzima, hauna hata tundu la sindano. Kiwandani nyaya hizo husokotwa mbili. Hizi zilisukwa tatu. Uzi wa tatu ulikuwa nywele.

Ndefu. Zimelowa.

Jumatatu meneja alikuja na fundi wake. Wakatikisa kila mahali. Sitini, mwanzo mpaka mwisho. Tukamwonyesha zile nywele.

“Nywele hazitoi gia,” akasema, akajifuta vidole.

Na hoja yake, mbele ya jaji yeyote, inasimama. Hilo ndilo linaloniunguza. Leseni ya kaka imefutwa. Lori limerudi barabarani na dereva mpya, mteremko uleule. Simjui jina wala sura.

Kama wewe unamjua, tafadhali mwambie ashuke.