Uzi wa Manjano

Wakati wa likizo Kiherehere alikuwa na kazi moja ya kila siku: kumpelekea mama yake chakula cha mchana kwenye karakana ya ushonaji. Jina hilo hakupewa na wazazi, alilipata kwa juhudi zake mwenyewe. Kabla hujamaliza kuuliza swali, yeye ameshakujibu, na la jirani yako kalijibu pia.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, nyuma ya duka la misumari na saruji. Vyerehani vilipangwa mistari miwili, vikipiga kelele kama kuku wenye ugomvi. Mwisho wa chumba alisimama Babu Pasi, mzee mpiga pasi mwenye meno machache na maneno mengi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeniletea nini?"

"Nimekuletea harufu."

"Basi fungua bakuli ninuse, nishibe, nikalale."

Mwenye karakana mafundi walimwita Bwana Shati, lakini pale tu asipokuwepo. Kila siku alivaa shati jipya, na mashati yote yalishonwa humo humo. Alikuwa na sheria yake: kila fundi alipewa rangi yake ya uzi, na akimaliza nguo alitia vishono vichache vya rangi hiyo ndani ya pindo. Mteja akirudisha nguo iliyofumuka, Bwana Shati alikunjua pindo, akatazama rangi, akamkata mwenye rangi yake mshahara. Rangi ya mama ilikuwa manjano. Nguo za wengine zilirudi, lakini ya manjano haikuwahi kurudi kwa kufumuka. Mama akishona, hata kitambaa kikorofi kilishika adabu.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na makato mengine, na hayo hayakumwacha mtu.

"Hii ya serikali, mama," Bwana Shati alisema, akikunja noti na kuzitia kwenye mfuko wa shati lake. "Kodi. Tujenge taifa."

Aliyeomba hati ya mshahara alijibiwa, "Kwani mimi karani wako?"

Basi hospitali ikatangaza kwamba inatafuta fundi wa kushona mashuka na sare za wauguzi. Mama aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Angeshonea nyumbani, kwa cherehani alichoachiwa na marehemu mama yake, na asingemwita mtu bosi tena. Lakini kila mwombaji alitakiwa kupeleka cheti kutoka ofisi ya kodi. Mama akavaa gauni lake la heshima, akaenda. Alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamesema hawanijui. Tangu nianze kazi pale, hakuna hata senti moja iliyofika kwa jina langu. Mpaka jambo hili linyooke, hakuna cheti. Na maombi yanafungwa karibuni."

Kiherehere alishikwa na hasira mpaka pua ikamtoka jasho. Kesho yake alipeleka chakula kama kawaida, lakini bakuli lilirudi zito kuliko lilivyokwenda. Mama alipofika nyumbani jioni, Kiherehere alimfunulia kitambaa cha bakuli kwa fahari. Ndani ulilala mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao Bwana Shati aliupenda kuliko shemeji zake.

"Umeutoa wapi?"

"Kwake! Si anatuibia? Na sisi tumlipe."

Mama hakupiga kelele. Aliukunja mkasi ndani ya kitambaa polepole.

"Mwanangu, mwizi akiibiwa, mtaa umepata wezi wawili. Kesho nakwenda kudai haki yangu. Nitadai kwa ulimi gani, na mkasi wa mtu uko chini ya kitanda changu?"

Asubuhi waliingia karakana pamoja. Kiherehere aliuweka mkasi mezani mbele ya mafundi wote, akasema, "Niliuchukua mimi. Naomba msamaha." Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kama ya sisimizi.

"Kumbe!" Bwana Shati aliangua kicheko. "Kama mama, kama binti!"

"Ndiyo, bosi," mama akasema. "Kama mama, anarudisha kisicho chake. Na mimi nauliza kilicho changu. Kodi uliyokuwa ukinikata imefika wapi?"

Babu Pasi alikohoa kikohozi cha uongo.

"Imefika ilikofika! Shona, au mlango ule pale."

Mama hakutukana wala hakulia. Alishona mpaka saa ya chakula, kisha akatoka kwa miguu yake hadi ofisi ya kodi, akaeleza kila kitu.

Siku chache baadaye afisa wa kodi aliingia karakana, dada mmoja mwenye viatu vya chini na maswali mafupi.

"Una wafanyakazi wangapi?"

"Wafanyakazi?" Bwana Shati alishangaa kama aliyeulizwa bei ya mwezi wa angani. "Sina, dada. Hawa ni vibarua wa siku mojamoja, wanakuja, wanakwenda. Huyu mama kaingia juzijuzi tu."

Mafundi walitazamana. Afisa akamgeukia mama. "Una hati yoyote ya mshahara?"

"Hakuwahi kutupa, dada."

Kiherehere alikuwa mlangoni na bakuli lake. Tangu kisa cha mkasi alikuwa ameapa kufunga mdomo, na ulikuwa unamuwasha. Akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Mama, naweza kusema?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Dada afisa, tazama ndani ya pindo la shati lake."

Bwana Shati alishika pindo kwa mikono miwili, lakini afisa aliomba kwa upole ambao haukataliki. Pindo likakunjuliwa. Vishono vya manjano viling'aa kama vifaranga.

"Huo ni uzi wa mama," Kiherehere akasema. "Sheria ni ya bosi mwenyewe."

"Shati moja tu! La wiki hii!"

"Na hizi je?" Babu Pasi akaweka pasi chini. Aliburuta rundo la sare za shule zilizoshonwa humo miaka iliyopita na kuletwa tena na wazazi zishushwe pindo, kwa kuwa watoto walikuwa wamerefuka. "Hii nimeipiga pasi mimi, mtoto akiwa darasa la kwanza. Sasa anaota ndevu."

Afisa akakunjua moja, akakunjua ya pili. Manjano, kijani, manjano tena.

"Wa kijani ni mimi!" fundi mmoja akasimama.

"Wa zambarau ni mimi," wa nyuma yake akasema. Wakasimama wote, kila mtu na rangi yake. Bwana Shati akakaa.

Aliamriwa kuipeleka ofisi ya kodi kila senti aliyokuwa ameificha, na faini juu yake, na kumpa kila fundi hati ya mshahara kila mwezi. Mama alipata cheti kabla maombi hayajafungwa. Hospitali ilitazama mishono yake, ikampa kazi bila kutazama ya mtu mwingine.

"Mama," Kiherehere aliuliza, "kama tungebaki na ule mkasi?"

"Angesema tu, 'Mwenyewe ni mwizi,' na nani angenisikiliza? Ukidai haki, nenda na mikono mitupu na kichwa kilichoinuka. Na mtu akikukata kodi, usione haya kumuuliza: iko wapi karatasi? Kodi ni dawa ya hospitali na dawati la shule. Anayeificha hamwibii mama yako tu."

Siku ya kuaga, mama alimwachia Bwana Shati zawadi: shati jipya, limenyooka, lina vishono vya manjano kwenye pindo. Alilivaa palepale. Kisha mkono wake ukapanda kifuani, ukatafuta, ukatafuta tena.

Halikuwa na mfuko.