Nzi Waliokataa Jina

Haya yalimpata rafiki yangu Marcelina, Musoma, mwaka themanini na nne, spiriti ilipoadimika hata wadudu wa utafiti wakahifadhiwa kwa gongo. Yeye ndiye aliyemwona kwanza, kwenye msitu wa Butiama, nzi mpya mdogo kuliko punje ya ulezi. Mtaalamu wa wadudu aliyemwajiri akampa nzi huyo jina la mkewe.

Jioni moja umeme ulikatika, Marcelina akiwa stoo. Gizani akasikia wale nzi wa Butiama wakivuma ndani ya chupa yao ya gongo, nao walikufa miezi mitatu nyuma.

Kwao, mtoto asiyekoma kulia hutajiwa majina ya marehemu, ya marehemu tu, mpaka anyamazie lililo lake. Akawatajia marehemu wote wa ukoo wake. Wakazidi kuvuma.

“Mimi ndo niliwaona,” akasema kwa uchungu. “Mlitakiwa muitwe Marcelina.”

Chupa ikanyamaza.