Namba Kwenye Kioo cha Sonara

Kitu cha kwanza nilichokiona kila asubuhi kilikuwa namba nyekundu kwenye kioo cha sonara, penye lango la soko la Kampong Cham. Sonara hubadilisha fedha pia, na namba ile ilionyesha dola moja ni rieli ngapi, fedha yetu ya Kambodia. Ilikuwa kubwa, na haikunilazimu kumsemesha mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka namba kwenye karakana ya vikapu ya Shangazi Phally. Wenye hoteli walitulipa kwa dola, lakini kodi ya mauzo kwenye ankara huandikwa kwa rieli, kwa kiwango cha serikali cha siku hiyo. Kiwango hicho ilibidi nikamwulize mlinzi wa ofisi ya kodi. Siku moja mlinzi aliigiza kunong'ona kwangu, foleni nzima ikacheka. Tangu hapo nikawa napeleka namba ya sonara. Dada Kolab, karani wetu, aliyekuwa akinituma badala ya kwenda mwenyewe, aliniamini, akaiandika.

Baada ya miezi mitatu alikuja mkaguzi. Aligundua tumeandika namba ya sonara, iliyo chini ya ile ya serikali; kodi ilikuwa pungufu karibu katika kila ankara, akatupiga faini. Shangazi alimwita Kolab uani, wasukaji wote wakitazama.

"Macho yako ni ya kupaka wanja tu? Hata mbuzi anajua namba ya sonara ni ya kununulia pete."

Kolab alisema namba aliletewa, akanitaja. Nikainama, nikajifanya naokota vipande vya mianzi.

"Huyu?" Shangazi akasema. "Huyu hawezi hata kuomba chumvi. Unamsingizia mtoto, huna haya."

Wasukaji wakacheka. Kolab alizirudia ankara zote kwa kiwango sahihi, siku nne, na mshahara wake wa mwezi ukaingia kwenye faini. Siku ya tano alifukuzwa. Aliondoka na mtoto wake kiunoni, bila kunitazama.

Shangazi akatukusanya. "Mmeona wenyewe. Kodi ni ya serikali, basi kiwango chake kaulizeni serikalini. Na ukikosea, sema umekosea." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Mwigeni huyu. Hana maneno mengi, hana uongo."

Dada Kolab, ni mimi. Namba niliitoa kwenye kioo, kwa sababu niliogopa kuchekwa mara ya pili. Siku ile uani walikucheka wewe, nami nilishukuru.