Kazi Iliyorudi Mara Mbili

Foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa imefika hadi barabarani, na aliyeisimamisha alikuwa mwanamume mmoja mrefu aliyekaa juu ya pikipiki kubwa ya kijivu, akihangaika na mfuniko wa tanki. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zile za kisasa zisizo na ufunguo. Mwenyewe anatembea na kikadi mfukoni, anabonyeza kitufe, mashine inamtambua. Mfuniko nao hauna tundu la ufunguo. Unazima injini, unanyanyua kishikio chake, unafunguka. Siku hiyo haukufunguka. Alivuta, akaupiga ngumi, akavuta tena, na watu nyuma yake wakapiga honi kana kwamba honi ndiyo hufungua matanki.

"Kaka, utakivunja hicho kishikio," sauti ya kike ilimwambia. "Halafu utakuja kulia."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa msichana wa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kichwani kajifunga kitambaa cha njano, mkononi kashika dumu tupu. Alikuwa fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, na alikuja kuchukua petroli ya kuoshea vyuma.

"Dada, wewe ni muuza mafuta?"

"Mimi ni fundi. Washa, halafu zima."

"Nimewasha na kuzima mara kumi."

"Washa ya kumi na moja. Ukizima, kitasa kinakungoja kama dakika moja tu, kisha kinajifunga chenyewe. Wewe umekaa hapa robo saa unavuta mlango uliofungwa."

Watu walicheka. Mwanamume akawasha, akazima. Msichana aliweka kiganja juu ya mfuniko, akaukandamiza kwa uzito wake wote, na kwa mkono wa pili akanyanyua kishikio. Uligoma. Akaukandamiza tena, akanyanyua, na tanki likavuta hewa kwa sauti ndefu, mfuniko ukafunguka.

"Lilikuwa halipumui," alisema. "Mpira wake wa kupumulia umekunjika mahali. Na humu kwenye kitasa kuna vumbi la shamba zima. Unalima na pikipiki?"

"Napima ardhi."

"Basi nyingine umeibeba."

Mpima, kama alivyomwita tangu saa ile, alivuka naye barabara. Gerejini msichana alinyanyua tanki, akaukuta ule mpira wa kupumulia umebanwa chini ya kiti, akaunyoosha. Alisafisha kitasa kwa brashi ndogo. Kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu ile duara ya mpira inayouziba mfuniko, na akatoa onyo analompa kila mteja.

"Hii duara usiipake kitu chochote. Hasa yale mafuta ya mgando ya kujipaka. Mpira utavimba, mfuniko utang'ang'ania, na utarudi hapa."

"Nitarudi hapa?"

"Utarudi tu."

Mpima aliitazama ile duara kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Laiti fundi wetu angalijua kilichokuwa kinapita kichwani mwa mtu yule, angalifunga mdomo wake. Lakini alishamtazama vidole, virefu na visafi, alishayasikia manukato yake mepesi, na mtu aliyependezwa huwa na maneno mengi.

Sasa inafaa ijulikane kwamba meza aliyofanyia kazi haikuwa meza hivi hivi. Ilikuwa ya baba yake. Mzee yule alikuwa mkuu wa mafundi pale kwa miaka ishirini na mbili, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia, na bosi akampa binti ile meza kwa sababu moja tu: baba alimfundisha kwa mkono wake. Gereji ilikuwa na sheria. Kazi ikirudi mara mbili kwa kosa lile lile, fundi anaiacha meza na kurudi kwenye karai, kuosha vyuma vya wenzake kama mwanagenzi. Sheria hiyo haikuwa ya bosi. Aliiweka baba yake, na aliwahi kuwatoa nayo mafundi watatu, mmoja wao rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Wiki tatu baadaye Mpima alirudi.

"Umegoma tena, Fundi wangu."

"Mimi wako tangu lini?"

"Tangu uniambie nitarudi."

Alicheka, lakini alipoufungua mfuniko kicheko kilimkauka. Duara ya mpira ilikuwa imevimba. Aliibonyeza kwa kucha.

"Umeipaka kitu?"

"Mimi? Sijapaka kitu."

Alimwamini. Akafunga duara mpya kabisa, na Mpima akakaa kwenye benchi la wateja saa nzima, kidevu mkononi, akimwangalia. Hajawahi kuangaliwa hivyo akiwa na grisi mpaka viwikoni. Jioni walikula pamoja mkahawani, yeye amevaa gauni la kijani alilolipiga pasi mara mbili, Mpima akamwambia kwamba hata ovaroli ilimpendeza.

"Muongo."

"Wallahi tena. Kila mtu ana gauni. Ovaroli kama ile wanayo wangapi?"

Ikaanza miezi mitatu ya simu. Simu ya asubuhi kabla hajatoka kitandani, simu ya mchana yenye kelele za upepo wa porini, simu ya jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mpima, unataka kupima na tumbo langu?"

Lakini kuonana ilikuwa shida. Siku sita fundi yuko gerejini, ya saba anamwogesha na kumlisha baba. Mpima akaagizwa safari ya miezi miwili, mbali. Siku moja kabla hajaondoka, saa nne asubuhi, pikipiki ya kijivu ikaingia gerejini ikisukumwa kwa mkono, tanki kavu.

"Umegoma," alisema Mpima, na hakuweza kumtazama machoni. Fundi alidhani ni huzuni ya safari.

Kazi ilikuwa imerudi mara ya pili. Mafundi wengine waliacha spana zao. Bosi akatoka ofisini, akasimama nyuma yake. Msichana alifungua kila kitu: kitasa kisafi, waya mzima, mpira wa kupumulia umenyooka. Duara peke yake ilikuwa imevimba, duara aliyoifunga mwenyewe.

"Umeipaka kitu? Niambie kweli."

"Sijapaka, mpenzi."

"Kosa ni nini?" bosi aliuliza.

"Sijui," alijibu fundi.

Hajawahi kulitamka neno hilo kwenye meza ile. Alifunga duara nyingine, akamuaga mpenzi wake kwa tabasamu, akamngoja afike mbali. Kisha akakusanya vitu vyake mezani na kwenda kuchuchumaa kwenye karai. Mpima hakuambiwa. Angemwambiaje mwanamume anayemuita malkia wa spana kwamba ameshindwa na mfuniko?

Baba hakufichwa, kwa sababu hafichiki. Alisikiliza hadi mwisho akiwa kitini pake dirishani.

"Sheria ni yangu," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Usimlaumu bosi."

"Simlaumu, baba."

"Basi kuna kitu sikukufundisha."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angetukanwa angevumilia. Kuanzia siku ile mzee alikuwa anatafuta. Katikati ya chakula angeinua mkono wa kushoto amzuie kijiko. "Nilikuonyesha mpira wa kupumulia?" Ulinionyesha, baba. Akilala kidogo, anaamka. "Na kitasa? Nilikwambia kisipigwe mafuta mazito?" Uliniambia. "Basi ni nini? Nilikosea wapi?" Wiki ya tatu kiharusi kilirudi, safari hii kikachukua na ulimi. Alilazwa wodini, macho wazi, na hakuna daktari aliyeweza kusema anasikia au hasikii.

Mpima alipiga simu mchana mmoja, fundi akiwa kwenye korido ya hospitali, mgongo ukutani.

"Sauti yako imechoka, mpenzi wangu. Baba vipi?"

"Vile vile."

"Nikuchekeshe?"

"Nichekeshe."

"Nina siri. Ila uahidi hutanipiga." Alikuwa tayari anacheka. "Ule mfuniko. Ni mimi niliyekuwa naupaka."

Fundi aliutoa mgongo ukutani.

"Mafuta ya mgando, kama ulivyonikataza. Mara zote mbili. Siku ile ya kwanza ulisema nitarudi, nikasema sawa, nitarudi. Na hii ya mwisho, nilikuwa nasafiri, ukaniambia huna nafasi. Nilitaka tu kukaa kwenye lile benchi nikuangalie ukifanya kazi. Napenda kukuangalia ukifanya kazi kuliko kitu chochote duniani. Haloo? Fundi wangu?"

"Nilikuuliza," alisema. "Mara mbili nilikuuliza."

"Si nilikuwa naona haya. Mzaha tu, mpenzi."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Akamweleza yote, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine: sheria, karai, kiti cha dirishani, yale maswali ya mzee. Upande wa pili kicheko kilikatika.

Mpima aliacha kazi porini na kufika kesho yake adhuhuri, viatu vyake vina tope, macho mekundu. Alianzia gerejini. Mbele ya mafundi wote akasema alichofanya, na bosi alimwambia aondoke mbele ya uso wake. Siku ile ile meza ikarudishwa kwa mwenyewe.

Kutoka hapo alikwenda wodini. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa kushoto wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye mwenye ile pikipiki. Mwanao hakukosea. Wewe hukukosea. Niliupaka mpira mafuta na nikasema uongo. Kila ulichomfundisha anakijua."

Binti alisimama miguuni pa kitanda akiutazama uso wa baba yake kama alivyozoea kuitazama injini, akitafuta dalili yoyote. Macho ya mzee yalikuwa darini. Kope zilifumba, zikafumbua. Zilikuwa zikifanya hivyo mchana kutwa.

"Rudia," alimwambia Mpima.

Akarudia. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti ya juu mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha. Mkono wa mzee haukumbana wala haukumwachia. Baada ya siku mbili akafariki, alfajiri, binti yake ametoka kwenda kuchota maji ya kumwosha.

Mpima alibeba jeneza pamoja na ndugu, akapanga viti, akawapokea wageni, hakuomba kusemeshwa. Shangazi mtu alipoulizwa huyu ni nani, alijibu kwamba ni mchumba wa binti, na binti hakubisha. Siku arobaini zikapita. Halafu, mchana mmoja katikati ya wiki, Mpima akaja gerejini kwa miguu, shati jeupe limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, mkononi kiboksi kidogo cha pete.

"Najua sistahili," alianza.

"Usianze hivyo."

"Nianzeje?"

"Sema ulichojia."

"Nataka nikuoe. Nataka kuishi nikikuomba radhi kila siku, na siku utakayochoka kuombwa uniambie, nitanyamaza." Alikifungua kiboksi. "Unanipenda bado, au penzi nalo nimeliua?"

Fundi aliweka spana chini. Alikuwa ameshajikaza kisabuni tangu alipomwona akivuka barabara, lakini pale hakujificha tena.

"Nakupenda. Usiku na mchana nakupenda, na ndiyo shida yangu. Ungeniomba tu, Mpima. Ungesema, leo sitaki matengenezo, nataka kukaa na wewe. Ningefunga kazi, ningekaa na wewe mpaka jua lizame. Hukuhitaji kuharibu kitu."

"Sikujua kuna sheria."

"Sheria hukuijua. Swali ulilijua. Nilikutazama machoni nikakuuliza, ukaniacha niitilie shaka mikono yangu mwenyewe. Baba naye akaitilia shaka yake. Sijui kama alikusikia pale wodini. Sitajua mpaka nami nife. Na kila ukinitazama kwa upendo, nitakuwa nakuuliza moyoni kama alisikia, nawe huna jibu."

"Kwa hiyo jibu ni hapana."

"Jibu ni hapana, na nakupenda. Yote mawili ni kweli. Usichukue moja ukaliacha jingine."

Mpima alikirudisha kiboksi mfukoni.

"Nitatafuta gereji nyingine," alisema.

"Usitafute. Pikipiki yako ikiharibika kweli, ilete. Nitaitengeneza kama ya mtu yeyote."

"Na nikija bila pikipiki?"

Mafundi wote walikuwa wameinamia kazi zao, hakuna aliyekuwa anafanya kazi.

"Bila pikipiki, usije."

Mpima aliitikia kwa kichwa, akavuka barabara, na hakugeuka nyuma, maana alijua akigeuka hataondoka. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka shati jeupe lilipopotea kati ya watu. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja na kulia pale pale mbele ya wenzake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.