Aliyeitika Mara ya Tatu

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote ya likizo. Mwalimu wa udereva, ambaye kwao walimwita Kengele, alishuka kwenye basi saa tatu asubuhi, miguu imevimba, shingo imekakamaa, na sauti imemkauka kwa mwaka mzima wa kuwapigia watu kelele: "Breki! Nimesema breki, siyo mafuta!" Jina la Kengele alipewa na marehemu baba yake angali anatambaa, kwa sababu alipolia alisikika hadi nyumba ya nne.

Aliburuta begi lake kutoka stendi mpaka mtaani kwao. Duka la kona, alikokuwa akitumwa kununua kiberiti, lilikuwa limegeuka ofisi ya madalali wa viwanja. Uwanja waliouchezea utoto wao wote ulikuwa umezungushiwa ukuta wenye vipande vya chupa juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia kibaraza alimwitikia salamu, kisha akamuuliza, "Unamtafuta nani, dada?"

"Simtafuti mtu. Naenda kwetu."

Mwanamke akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaendelea kufagia.

Kwao alimkuta kaka yake mkubwa, fundi wa friji, amejilaza kwenye kochi refu, miguu juu ya meza. Alikuwa amefika jana yake na gari lake. "Kengele! Afadhali umekuja," alisema bila kuinuka. "Mapazia yale pale. Mama amesema utayafua."

Hata maji ya kunywa hakupewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha zamani aweke begi, akasukuma mlango, mlango ukagoma nusu. Alipochungulia aliona friji mbovu sita zimejaa humo, zimebanana kama abiria. Kitanda chake hakikuwepo.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Tulimpa jirani," kaka alijibu kutoka sebuleni. "Nitazisogeza hizo baadaye, upate pa kuweka godoro."

"Baadaye lini?"

"Baadaye, bwana! Hizo friji kila moja inabebwa na watu wawili, unataka nivunjike mgongo?"

Basi akaliweka begi kibarazani, akakunja mikono ya blauzi, akaanza. Alifua mapazia, akasugua tangi la maji, akazibua sinki. Kila alipopita sebuleni alimkumbusha kaka kuhusu friji, na kila mara alijibu "nakuja." Mdogo wao wa mwisho, msusi, naye alikuwa amekaa anapuliza kucha zilizopakwa rangi. "Ningekusaidia, dada, ila hizi bado hazijakauka." Kufika saa saba mchana hasira ilikuwa imempanda Kengele hadi kooni. Kila mwaka hadithi ilikuwa ileile. Yeye ndiye aliyesafiri mbali kuliko wote, na ndiye aliyefika kama mfanyakazi wa ndani.

Kilichommaliza kabisa ni mama. Mama, aliyepika chakula cha shule miaka thelathini kabla ya kustaafu, alikuwa akikoroga sufuria yake jikoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kaka yako ndiye anayenikumbuka. Tangu jana yuko hapa."

Kengele aliangusha tambara sakafuni. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya mapazia yanayodondosha maji na ukuta wa chumba chake. Akasema moyoni: leo watanitafuta wao.

Sasa, familia hiyo ilikuwa na desturi moja ya likizo ambayo baba ndiye aliyewaachia. Siku ya kwanza ambayo wote wamefika, kabla ya kupakua chakula cha mchana, mzazi anasimama kwenye mlango wa jikoni na kuita watoto wake mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Popote ulipo, unaitika "Nipo!" kisha unakuja. Baba alikuwa na masharti yake mawili. Asiyefika nyumbani haitwi. Na hakuna anayeitwa zaidi ya mara mbili. Asipoitika ya pili, unakwenda kumtafuta kwa miguu yako. Watoto walidhani ni maringo tu ya mzee. Hawakuwahi kuuliza sababu.

Kutoka pale kwenye ndoo, Kengele alimsikia mama akimwita fundi.

"Nipo!" kaka akaitika, huku anapiga miayo.

"Kengele!"

Akabana midomo.

"Kengele! We mtoto!"

Akatazama maji yakidondoka kwenye pazia. Jua lilikuwa kali utosini. Alisikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, kama mama afanyavyo akikasirika.

"Kengele! Nakuita mara ngapi?"

"Nipo!"

Jibu lilitoka nyuma yake.

Lilitoka ndani ya chumba, kwenye dirisha lake la zamani, ambalo kioo chake kilivunjika na mahali pake pakawekwa kipande cha katoni. Hatua mbili kutoka alipokaa. Na sauti ilikuwa yake. Si ya kufanana na yake. Ilikuwa yake yenyewe, ila safi, isiyo na mikwaruzo, kama ilivyokuwa kabla ya miaka ya kupiga kelele ndani ya magari.

"Haya, njoo mwanangu," mama akasema, sauti imelainika.

Mlango wa chumba ukalia. Ndani, kandambili zikaburuzwa kuelekea jikoni.

Taratibu.

Kengele hakumbuki aliinukaje. Anakumbuka pazia bichi likimpiga usoni, halafu amesimama mlangoni pa jikoni, anahema. Mama alikuwa ameshika upawa. Msusi alikuwa anapanga sahani. Wote wawili walimtazama kwa mshangao.

"Umetokea wapi tena?" msusi akauliza. "Si umepita sasa hivi hapo koridoni? Umesema unanawa mikono."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nimeinama. Nimekusikia."

Bafuni bomba lilikuwa linamwaga maji. Kengele alikwenda mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Sabuni ilikuwa na povu bichi.

Akarudi jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama. Siyo mimi niliyeitika."

Mama aliweka upawa chini polepole sana. "Nilikuita mara ngapi?"

"Tatu."

Rangi ilimtoka mama usoni. Kisha, badala ya kumkumbatia, akamkaripia kwa mnong'ono: "Na wewe ulinyamaza kwa nini? Ulikuwa na nini mdomoni?"

"Mnifanye mtumwa mchana kutwa, halafu kosa liwe langu?"

"Shusha sauti," mama alisema, akitupa jicho koridoni. "Atasikia."

Ndipo akawaeleza jambo ambalo hakuwa amewaambia hata siku moja. Baba yao alikuwa na dada. Likizo moja, yule dada akiwa msichana, alinuna akajificha, akaitwa mara tatu, na mtu akaitika badala yake. Walimpata baadaye nyuma ya nyumba, mzima, hana hata mkwaruzo. Lakini tangu siku hiyo kila alipoitwa, waliitika wawili.

"Ikawaje?" fundi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu anacheka.

"Baada ya muda ikabaki sauti moja," mama akasema. "Baba yenu hakujua ni ipi. Alikaa naye meza moja miaka kumi na moja, na hakujua."

Fundi akasonya. "Mama naye! Ni mwangwi tu, zile friji ni mabati matupu." Akaenda chumbani kuwaonyesha. Walimsikia akisukuma mlango. Walisubiri kicheko chake, lakini hakikuja.

Aliporudi alikuwa anapangusa viganja kwenye suruali, ingawa havikuwa na kitu. "Nani amezisogeza?"

Walikwenda wote, wamebanana. Friji zote sita zilikuwa zimepangwa ukutani, ubavu kwa ubavu, kwa unadhifu. Katikati sakafu ilikuwa tupu. Ilikuwa nafasi ya kitanda kimoja, pale pale kilipokuwa kitanda, na vumbi lake lilikuwa limefagiliwa.

Ombi alilolirudia Kengele asubuhi nzima mtu alikuwa amelisikia. Mmoja tu, katika nyumba nzima.

Mama aliwavuta wakarudi jikoni. "Tusikilizane," alinong'ona. "Hilo jina tuliache. Kuanzia leo hakuna kumwita hivyo. Tutamwita dada, mwanangu, chochote. Jina tumwachie mwenye kulitaka."

"Nimwachie?" Kengele alihisi machozi ya hasira. "Chumba mmenichukulia. Kitanda mmegawa. Sasa na jina alilonipa baba nalo nitoe?"

"Ndiyo. Utoe."

"Sitoi. Niite, mama. Mara moja. Mimi ndiye mwenyewe, nitaitika kabla yake."

"Mwanangu, nakuomba."

"Niite!"

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaita, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuita.

"Kengele."

"Nipo!"

"Nipo!"

Zilitoka pamoja. Moja ilikuwa pale mezani, imekwaruza, imechoka, imejaa mwaka mzima wa kazi. Nyingine ilitoka chumbani, tamu, na yenye haraka ya mtoto aliyengojea kuitwa siku nyingi.

Na kichwa cha mama kiligeuka. Hakukusudia. Lakini kiligeukia chumbani.

Kengele aliona. Mama naye alijua ameonwa. Hakuna kati yao aliyelizungumza siku ile, wala baadaye. Mwalimu wa udereva alichukua begi lake kibarazani lilipokuwa, akasema, "Basi. Mwacheni alichukue." Kaka yake aliendesha gari hadi stendi bila kufungua redio. Chakula kilibaki sufuriani.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Walimsihi mama ahame, akakataa. Alisema hajazeeka kiasi cha kufukuzwa kwake. Likizo bado wanakwenda, lakini haitwi mtu. Chakula kikiiva, mama anazunguka nyumba nzima na kumgusa kila mtoto begani kwa mkono wake. Mwalimu wa udereva anaitwa Dada tu, hata na kaka yake aliyemzidi miaka sita. Huyo kaka siku hizi huwahi kufua mapazia kabla dada yake hajafika. Chumba kimefungwa kwa kufuli.

Mwaka wa kwanza walipokifungua wapitishe hewa, msusi ndiye aliyeliona doa. Lilikuwa ukutani, juu kidogo ya sakafu, mahali ambapo mtu aliyelala angeegemeza kichwa. Alilinusa, akasema ni mafuta ya nywele. Kazi yake ni nywele, hakosei. Fundi akalisugua kwa sabuni na kupaka rangi.

Mwaka wa pili pale chini palikuwa safi. Doa lilikuwa juu zaidi, kimo cha mtu aliyekaa. Wakapaka tena rangi.

Mwaka huu kuta zote zilikuwa safi. Walishukuru, wakakagua pembe zote, wakafungua dirisha. Msusi aliporudishia mlango ili afagie nyuma yake, aliganda na fagio mkononi.

Doa lilikuwa kwenye ubao wa mlango, upande wa ndani, kimo cha mtu aliyesimama. Lilikuwa bado bichi. Lilikuwa na umbo la shavu na sikio, vimekandamizwa kwa nguvu, kuelekea jikoni.