Karanga Juu ya Ndizi

Klaudia alikuwa jikoni akimenya ndizi za mchana. Ni pale Izigo, wilaya ya Muleba. Mumewe, Ishengoma, alikuwa anapanda kutoka bondeni na mkungu begani. Kilima chenyewe ni kidogo, watoto hukipanda wakikimbia. Lakini Ishengoma alisimama katikati. Akautua mkungu, akashika magoti, akahema.

Klaudia aliacha kumenya. Alimkumbuka shemeji yake Kahangwa, kaka wa Ishengoma. Kahangwa naye alikuwa mnene. Naye alihema hivyo hivyo. Siku moja alianguka kwenye mibuni akichuma kahawa, na hakuamka tena.

"Baba Evelyne," Klaudia alisema, "kesho tunakwenda Bukoba ukapimwe. Ukikataa, nitakwenda peke yangu niwaambie madaktari una nini."

Walikwenda. Presha ilikuwa juu, na uzito ulikuwa mkubwa. Daktari alimwandikia dawa za kumeza kila siku. Akamwambia moyo wake unabeba mzigo mzito, kwa hiyo apunguze mwili polepole. Apunguze chumvi, mafuta, soda na pombe, na sahani yake isijae kama zamani. Akisikia njaa kabla ya chakula, atafune karanga kidogo, kwa sababu zina mafuta mazuri kwa moyo.

Katika maneno yote hayo, Ishengoma alirudi nyumbani na neno moja tu. Karanga.

Klaudia naye alikuwa na hofu yake. Kwetu Kagera, mtu akinenepa watu husema ametulia, mke anamtunza. Akikonda, wanakumbuka miaka ile ya ukimwi, na minong'ono inaanza. Klaudia hakutaka mumewe anong'onwe. Basi sahani ya ndizi aliiacha kama ilivyokuwa, imejaa. Na karanga je? Kwa Mhaya, aliyekula karanga tu hajala. Chakula ni ndizi. Kwa hiyo karanga ziliwekwa juu ya chakula. Hakuna kilichopunguzwa.

Kisha habari ikaenea kijijini kwamba daktari wa Bukoba ameagiza karanga. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Clotilda, mwanamke wa nyumba ya pili, alileta za kukaanga kwa mafuta, zimekolea chumvi. Jirani yao Avit, mtu wa utani, alileta bakuli zima. Zawadi ya mgeni hairudishwi, na mgeni hupenda kuona unaila. Ishengoma alikaa barazani akitafuna tangu asubuhi. Ukimuuliza, alijibu kwamba anakula dawa.

Vidonge navyo alianza kuviruka. Alisema dawa mbili za nini.

Wewe unayesoma, usifanye hivyo. Karanga ni chakula. Hakuna karanga inayoshika kazi ya kidonge cha presha.

Haikupita miezi mingi, mkanda ukahitaji tundu jipya. Sasa Ishengoma alipumzika mara mbili kwenye kilima kile kile. Klaudia alishindwa kuvumilia. Akamwita Vestina, muuguzi wa zahanati, binti aliyezaliwa hapo hapo kijijini.

Vestina alipima presha. Bado ilikuwa juu. Akauliza wanakula nini, na Klaudia akaeleza yote bila kuficha.

"Basi karanga ndizo zilizoniharibu," Ishengoma alisema. "Leo naziacha. Wapeni kuku."

"Hapana, Tata," Vestina alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Karanga hazina kosa. Kosa ni pale zilipokaa. Nipe mkono."

Ishengoma akanyoosha kiganja. Vestina akakijaza karanga bila kuzirundika.

"Hizi ni za kutwa nzima," alisema. "Karanga ina mafuta mazuri, lakini ni mafuta. Ukila bakuli, mwili unaweka akiba. Ukila kiganja, njaa inatulia na moyo unasaidika."

Kisha akavuta sahani ya mchana iliyokuwa mbele ya Ishengoma na kutoa ndizi kadhaa.

"Unaninyima chakula nyumbani kwangu?"

"Sikunyimi, Tata, nabadilisha. Kikiingia hiki, kile kinapungua. Usipopunguza, umeongeza."

Klaudia alimwuliza kwa sauti ndogo, "Na akikonda, watasemaje?"

Vestina alimtazama. "Mama, Kahangwa alizikwa na mwili wake wote. Kuna aliyemsema?"

Klaudia alichukua sahani ile akaipeleka jikoni mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, Vestina aliwaeleza mengine. Karanga zikaangwe kavu, bila mafuta wala chumvi. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, maana zina sumu inayodhuru ini, na kuzikaanga hakuiondoi. Kama karanga humwasha mtu mwili au humbana kifua, asiziguse kabisa. Na vidonge visirukwe.

Kazi ikaanza. Klaudia alipunguza ndizi na kuongeza mboga za majani. Siku nyingine alitwanga karanga za siku hiyo akaziunga kwenye mboga, na mafuta ya chupa hakuyagusa. Wageni walipoleta karanga, alishukuru, akazigawa kwa wote waliokaa barazani, mgeni mwenyewe akiwemo. Hakuna aliyeona amekataliwa. Ishengoma alinung'unika mwanzoni. Kila jioni alitembea hadi barabarani na kurudi, akisema mkewe anamfukuza nyumbani.

Waliporudi Bukoba, presha ilikuwa imeshuka. Uzito nao ulikuwa umepungua vizuri. Daktari alimpa mkono. Akamwambia moyo umeanza kupumua, aendelee na dawa na asirudi nyuma. Klaudia alitoka nje ya chumba, akalia kidogo, akajifuta kwa kanga.

Jumapili baada ya misa, Avit aliwakuta nje ya kanisa. Alimtazama Ishengoma juu hadi chini.

"Waitu, ndugu yangu, umekwisha," alisema ili wote wasikie. "Hilo shati limetundikwa kwenye mti?"

Watu wakacheka. Maneno aliyoyaogopa Klaudia ndiyo hayo, tena mbele ya kanisa.

Ishengoma hakukasirika. "Njoo twende pamoja, Avit. Nitakueleza njiani."

Njia ya kwao inapanda. Ishengoma alikwenda mbele akieleza. Alieleza habari za presha, akaeleza habari za Vestina na sahani yake. Hakusimama mahali. Avit aliitikia mara ya kwanza, mara ya pili akaguna, kisha akanyamaza. Klaudia aliyekuwa nyuma alimwona anashika kiuno, anatafuta jiwe la kukalia.

"Pumzika," Ishengoma alimwambia. "Jumatatu nakupeleka kwa Vestina akupime."

Avit alitikisa kichwa kukubali. Ishengoma akamalizia kilima akiendelea kuongea, na sauti yake ilisikika hadi bondeni.